Haisi yangu ilikula mafuta ya chipsi miaka miwili, njooni niwape mkasa mzima

viazi_mviringo
Wakuu kwema? Kila dizeli ikipanda naona watu wanaulizana ivi gari inaweza kutembea na mafuta ya kupikia au ni stori za vijiweni. Inatembea. Mimi mwenyewe nimetembeza, alafu nimeacha, na sababu ya kuacha sio ile mnayoidhania.

Nina haisi yenye injini ya dizeli ya Toyota aina ya 5L, nabeba viazi kutoka Njombe naleta Dar, wateja wangu wengi ni wauza chipsi wa Tabata na Mabibo. 2022 dizeli ilivyovuka elfu tatu na mia mbili hapa Dar nikawa kila nikishusha gunia naangalia yale mafuta meusi wanayomwaga mtaroni usiku wakifunga, roho inauma. Nikaongea na wateja wawili watatu, nyie badala ya kumwaga wekeni kwenye dumu ntakuwa nalipia kidogo. Wakacheka ila wakaweka.

Nilianza kijinga, nakiri. Nikachuja na kitambaa, nikachanganya nusu kwa nusu na dizeli, nikamimina kwenye tenki. Gari ikawaka freshi kabisa, moshi unanuka chipsi mpaka watoto wa mtaani wanakimbilia gari, nikajiona profesa. Wiki ya tatu asubuhi ikaanza kukataa, mpaka upampu pale kwenye filta ndo ikohoe ikohoe iwake, mlio ukabadilika, mlima wa Kitonga nikaupanda kwa aibu na malori yananipita. Fundi pampu kufungua nozo, ncha zimeota kaboni nyeusi ngumu kama andazi lililosahaulika kwenye karai.

Akanieleza kitu ambacho ningekijua mapema nisingehangaika. Mafuta ya kula ni mazito karibu mara kumi ya dizeli. Nozo kazi yake ni kupuliza ukungu, sasa ukiipa kitu kizito inatema matone, matone hayaungui yakaisha, yanabaki pale mdomoni yanakuwa mkaa. Dawa ni mbili, ama uyapashe moto mpaka nyuzi 70, 80 hivi kabla hayajafika kwenye pampu (hapo unafunga tenki la pili, unawasha na dizeli, injini ikipata moto ndo unahamia kwenye mafuta, na kabla ya kuzima unarudi tena dizeli usafishe njia), au uyapike yawe biodizeli. Nikachagua kupika mana kufunga tenki la pili kwenye haisi ya viazi ni kujitafutia kesi tu.

Kupika kwenyewe kwa kifupi: mafuta unayapasha, unaweka methanoli ambayo umeshayeyusha kostiki soda ndani yake, unakoroga kama saa moja na nusu moto ukiwa nyuzi 55, unaacha yalale. Asubuhi unakuta yamejigawa, juu rangi ya chai ya rangi nyepesi, chini tope jeusi zito, hiyo ndo glisirini. Unafungua koki ya chini tope linatoka, ya juu unaiosha na maji, unaikausha, ndo biodizeli. Lita 40 za mafuta nilikuwa natia methanoli lita 8.

Kwa mdomo rahisi sana. Sasa ngoja niwaambie adui yenu ni nani. MAJI. Viazi vina maji, chipsi zinaingia kwenye karai na maji yake, muuza chipsi ndoo yake hajaifunika na mvua imenyesha, yote hayo unabeba wewe. Mara ya kwanza nilipika bila kukausha, asubuhi nafungua pipa hakuna juu wala chini, lita 40 zote zimekuwa uji wa sabuni. Nilikaa pale na mwiko nakoroga tu kama mpishi wa msiba. Tangu siku hiyo kabla ya kupika natia kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto, yakichachatika na kurukaruka ujue bado yana maji, unarudisha jikoni mpaka yatulie. Kikaango kikinyamaza ndo unaendelea.

Ntarudi kuelezea ya Makambako, mteja ananipigia.

dogo_wa_goba
Mkuu uzi mtamu. Mi nina Prado 1KD ya D4D, naweza kuweka? Nakaa karibu na kijiwe kikubwa cha chipsi huku Goba mafuta nitapata bure

Mzee wa Nozo
Wewe kijana wa Goba tulia hapo hapo. Usiweke.

Nimefungua pampu za dizeli tangu enzi za Bedford, nisikilize. 5L ya mwenzio, 3L, 2L, 1HZ ya mkonga (Land Cruiser), hizo zina chumba cha pembeni kwenye silinda hedi ambako moto unaanzia, na nozo zake zinafunguka kwa presha ya bar mia na kitu tu. Zinavumilia uchafu kama mbuzi. 1KD ni komoni reli, yani nozo zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, presha inapita bar 1,300, tundu za nozo zake huwezi kuziona kwa macho, na nozo moja tu ikifa utauza simu hiyo unayoandikia. Mafuta yaliyopikwa vizuri kiwandani yanachanganywa kidogo kwenye dizeli magari hayo yanakula bila shida, Ulaya dizeli ya kawaida pampuni inaruhusiwa hadi asilimia 7 na watu hata hawajui. Lakini ya kupika nyuma ya nyumba kwenye D4D, hapana.

Na hata hizo za zamani sio pampu zote sawa. Pampu za mstari, zile ndefu zinazolainishwa na oili ya injini, ndo ngumu kweli, ndo mana Mercedes za zamani za OM617 wazungu wanazipenda kwa mchezo huu. Za mzunguko kama ya haisi zinalainishwa na mafuta yenyewe yanayopita, ukipitisha mabaya umeilisha sumu moja kwa moja.

Mtoa mada hajasema sili. Sili za pampu yako, ile mipira ya kuzuia kuvuja, zilivuja au hazikuvuja?

viazi_mviringo
Shikamoo mzee. Zilivuja ndio hahaha umejuaje. Mwezi wa nne hivi pampu ikaanza kulowa, na ile mipira myembamba ya marejesho juu ya nozo ikawa laini kama ulimi, ukiibinya inabaki na alama ya kidole. Nikabadilisha sili zote na mipira yote.

Mzee wa Nozo
Marahaba. Nilijua. Biodizeli inakula raba ya kawaida. Unatafuta mipira ya Viton, bei yake imechangamka ila unaweka mara moja unasahau. Na filta?

viazi_mviringo
Filta mwezi wa kwanza nilibadilisha tatu mzee. Sikuelewa kabisa, biodizeli yangu safi inang'aa lakini filta inatoka nyeusi.

Mzee wa Nozo
Sio biodizeli iliyokuwa chafu, ni tenki lako. Ile kitu ni kama sabuni, mashapo ya dizeli yaliyoganda humo miaka ishirini yote inayabandua inayaleta kwenye filta. Ukishabadilisha mbili tatu inatulia. Watu wengi wanaishia hapo wanasema biodizeli mbaya.

Bishoo wa Fuso
Mnajisumbua na makemikali ya nini. Mi nina kenta ya zamani naweka mafuta ya chipsi mabichi asilimia 70 dizeli 30, nachuja na soksi, mwezi wa saba huu na gari inakata mbuga. Dizeli ni dizeli. Alafu uzi bila picha?

Mzee wa Nozo
Bishoo, oili ya injini unamwaga baada ya kilomita ngapi?

Bishoo wa Fuso
Elfu tano kama kawa

Mzee wa Nozo
Chomoa dipstiki sasa hivi, pakaa kidoleni, alafu uniambie kama inanyooka kama asali. Mafuta yasiyoungua yanapita kwenye ringi yanashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), yakikutana na joto na oili yanaanza kuganda kama rangi ya mafuta. Nilishafungua injini moja ya hivyo, sampu ilikuwa na jeli, tuliitoa kwa kijiko. Mwenye gari naye alikuwa ananiambia mzee mbona ilikuwa inakata mbuga.

Bishoo wa Fuso
Ngoja nikaangalie

DadaKemia
Mimi nafundisha kemia sekondari, naomba niongeze kwenye ile sehemu ya kupika mana mtoa mada ameiruka haraka na hapo ndo watu wanaumia.

Kwanza kostiki unaweka kiasi gani. Mafuta mapya ni gramu 3.5 kwa lita. Yaliyokaangiwa yana asidi imezaliwa humo kwa ajili ya moto wa muda mrefu, na asidi hiyo inaila kostiki yako kabla haijafanya kazi, kwa hiyo lazima uongeze, na unaongeza kiasi gani unapima, hukisii. Unayeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji ya betri yasiyo na asidi. Alafu unachukua mililita 10 za spiriti ya aisopropili, unatia mililita 1 ya mafuta yako, unatia chembe ya manjano, ndio, manjano hii hii ya pilau. Unadondosha yale maji ya kostiki na bomba la sindano la duka la dawa huku unatikisa. Manjano ikigeuka nyekundu na isirudi, umefika. Umetumia mililita 3? Basi unaongeza gramu 3, jumla 6.5 kwa kila lita. Kwa lita 40 ni gramu 260. Ikifika mililita 7, 8 hayo mafuta yamechoka, warudishie wenyewe.

Pili, USITUMIE SUFURIA YA ALUMINI. Kostiki inaila alumini na inatoa haidrojeni, gesi ya kulipuka, na wewe uko na jiko pembeni. Chuma au stenlesi tu.

Tatu methanoli. Hii sio spiriti ya kuchezea jamani. Inapita kwenye ngozi, inapita kwenye mapafu, kiasi kidogo tu mdomoni unapofuka macho na ukizidisha unakufa. Inachemka nyuzi 64 na kitu ndo mana mnaambiwa 55 msizidishe, na ikishika moto mwali wake mchana hauonekani, unaungua huoni unaungua na nini. Pipa lifungwe, moto wa kuni au mkaa usiwe karibu kabisa, tumieni hita ya umeme. Na kuinunua kwa jumla ni kemikali inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya 2003, unatakiwa kusajiliwa, usije ukakamatwa na mapipa uani ukasema dada wa mtandaoni alinielekeza.

Kujua kama imeiva: mililita 3 za biodizeli kwenye mililita 27 za methanoli, tikisa. Ikiyeyuka yote ikawa angavu imeiva. Ukiona matone yamekaa chini hayo ni mafuta hayajabadilika, rudia.

Na kidogo tu la historia mana naona watu wanasema ni mambo mapya. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli inatembea na mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alikuja kueleza baadaye kuwa wazo lilitoka serikali ya Ufaransa, waliwaza karanga za makoloni yao ya Afrika ziwashe injini huku huku bila kuleta mafuta kutoka nje. Yani sisi ndo tulikuwa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, na leo bado tunasubiri meli.

dogo_wa_goba
Dada hii ya manjano umeniacha hoi

Wa_Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Huku kuna watu upande wa Nanyuki walikuwa wananunua mbegu za mukinduri kutoka kwa wakulima wanakamua mafuta, huo mti uko kila mahali na hakuna mtu anakula hizo mbegu kwa hivyo hunyang'anyi mtu chakula. Mimi nilijaribu mafuta ya hoteli kwa pikapu yangu, shida ni baridi. Nakuru asubuhi inaganda. Nyinyi watu wa Dar mnabahatika na joto.

viazi_mviringo
Asante mkenya umenikumbusha ya Makambako.

Ilikuwa mwezi wa saba, natoka Dar na tenki limejaa biodizeli yangu mwenyewe safi, imeoshwa, imekaushwa, ukiweka gazeti nyuma ya chupa unasoma. Nikafika Makambako usiku nikalala gesti. Saa kumi na moja asubuhi baridi ile mnaijua, unaongea moshi unatoka mdomoni, napiga stata, krr krr krr, hamna kitu. Napampu, pampu ngumu haishuki. Nikafungua filta na tochi ya simu mdomoni, ndani kumejaa kitu cheupe kizito, ukiambiwa ni samli unapaka kwenye mkate.

Kumbe mafuta yetu ya chipsi mengi ni ya mawese, na biodizeli ya mawese ikifika nyuzi 15 hivi kushuka inaanza kuganda. Dar huwezi kujua mana Dar ni nadra kufika huko. Kama ingekuwa ya alizeti ningewaka. Nikaomba maji ya moto kwa mama wa gesti, nikavua shuka nikaizungushia filta namwagia taratibu kama nakanda mgonjwa, paipu zote za chini hivyo hivyo. Saa mbili ndo imewaka, nikakimbia kituoni kuongeza dizeli lita 20. Tokea hapo safari ya Njombe naweka dizeli zaidi ya nusu, kipindi cha baridi biodizeli naiacha Dar kabisa.

mbeba_boksi
Niko Leicester, huku mambo haya yalikuwa dili miaka ile. 2002 kule Llanelli, Wales, watu walikuwa wananunua mafuta ya kupikia supamaketi wanamimina kwenye gari kukwepa ushuru, mpaka polisi wakawa wanawanasa kwa harufu ya moshi. Baadaye 2007 serikali ikaona isiwe taabu, ukitengeneza au ukitumia chini ya lita 2,500 kwa mwaka hulipi ushuru. Mshikaji wangu mmoja alikuwa anazunguka kwenye maduka ya chipsi na samaki anabeba bure. Sa hizi hupati bure, makampuni yanayalipia. Mafuta machafu yamekuwa mali.

kisarawe_damu
Msisahau mbono kaburi, ile jatropha ya kukamua mafuta. Huku kwetu Kisarawe ilikuja kampuni ya nje ikakodishwa ardhi hekta zaidi ya elfu nane miaka 99, tukaambiwa mbono kaburi ni dhahabu ya kijani, haitaki maji, haitaki mbolea, inaota popote. Kuota inaota popote kweli. Kuzaa ndo haizai popote, ukiitaka izae inataka maji na mbolea kama mahindi tu. 2011 wakasimama. Baba yangu mdogo alikuwa na ajira pale, mpaka leo ukimtajia biodizeli anainuka anaondoka.

dogo_wa_goba
Mtoa mada mi nasubiria hesabu. Ulikuwa unaokoa shi ngapi na kwanini umeacha?

viazi_mviringo
Haya hesabu. Mwanzoni dumu la lita 20 nilikuwa nachukua elfu 20. Kwa hiyo lita 40 ni elfu 40. Methanoli lita 8 kwa 4,500 ni elfu 36, hapo ndo pesa inapoenda na watu hawaijui, wanadhani mafuta machafu yakiwa bei chee basi umemaliza. Kostiki 1,500. Umeme weka elfu 5. Jumla 82,500. Kwenye 40 napata safi kama 36, nyingine imeondoka na sabuni wakati wa kuosha. Lita inasimama kama 2,290. Dizeli ikiwa 3,250 unaokoa 960, kwa pipa moja elfu 34 na kitu. Kwa wiki. Na nguvu inapungua kidogo, nahisi Kitonga, tanki linaisha mapema.

Sasa wateja wangu wakashtuka. Wakaja watu wa sabuni na watu wengine siwajui wanakusanya na kirikuu, dumu likapanda elfu 25, 30, mpaka 35. Piga hesabu tena hapo: 70 na 36 na 1,500 na 5 ni 112,500, gawa kwa 36, ni 3,125. Dizeli ya kituoni nayo ikashuka. Nikawa nakesha Jumamosi nzima navuta methanoli puani niokoe mia. Mama watoto akaniuliza swali moja tu, hivi hizo saa kumi na mbili ungebeba tripu ngapi za mchanga? Nikakosa jibu.

Gari lenyewe zima mpaka leo, kabla mjauliza. Nozo nilifungua mwaka wa pili zilikuwa safi kuliko za dizeli.

Bishoo wa Fuso
Mzee wa Nozo nimechomoa dipstiki.

Mzee wa Nozo
Na?

Bishoo wa Fuso
Naomba namba ya PM nikuletee gari kesho

Mzee wa Nozo
Usiiwashe. Ije kwa kuvutwa.

dogo_wa_goba
Aisee. Viazi mviringo lile pipa bado lipo? Mjomba wangu ana mkonga 1HZ shamba Kibiti na ana alizeti yake mwenyewe, nataka nimpelekee.

viazi_mviringo
Lipo na koki yake, njoo Tabata siku yoyote kasoro Ijumaa. Mwenye mbegu yake mwenyewe hesabu yake sio kama yangu. Ila chini limebaki na glisirini kama lita 30, wife anataka aitengeneze sabuni. Batch ya juzi ilitoka nzuri ngumu inatoa povu, shida moja inanuka samaki, wale wa Mabibo wanakaangia kila kitu humo. DadaKemia harufu naitoaje?

DadaKemia
Kabla ya harufu. Hiyo glisirini ina methanoli imebaki nyingi tu, mliitoa kwanza? Mliichemsha nje sehemu ya wazi mbali na moto?

viazi_mviringo
Dada ngoja nipige simu nyumbani